Tochi ya Mtaalamu wa Kasa

Gari lilikuwa mwendo wa mia na ishirini Shangazi alipomwingia Msumari sikioni.

"Msumari. Mmoja wa abiria wako si mtalii."

"Shikamoo, Shangazi," Msumari alimjibu mkuu wake wa ujasusi, kwa sauti ya dereva aliyepigiwa simu na ndugu. "Mgonjwa ni yupi?"

"Hatujui. Mashua yenye shehena ya bunduki imetia nanga nyuma ya mwamba, inasubiri ishara ya taa kutoka ufukwe wa kasa. Ikiipata, inakuja kushusha mzigo. Watakayemkuta pale ni maiti."

"Pale analinda dada yangu."

"Najua, mwanangu. Akiondoka tu, watang'oa nanga."

Simu ikakatika.

Msumari aliukamata usukani wa Land Cruiser kwa nguvu. Aliogopa, na hakupenda kuogopa mbele ya watu kama hawa. Kofia tatu za safari, mpya kabisa. Tangu asubuhi walimwita "dereva" kana kwamba alinunuliwa pamoja na gari.

Mbele, daktari wa meno mstaafu, mjuaji wa kila kitu. Nyuma, mkewe, aliyelalamikia jua, akalalamikia vumbi, kisha akailalamikia bahari kwa kunuka bahari. Kando yake, Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe, na habari za kasa alizihubiri mpaka wenzake wakasinzia.

Kumchukia mtu si ushahidi. Vinginevyo, Msumari angewafunga pingu wote watatu.

Kwenye mabwawa ya chumvi alikanyaga breki. Ndege heroe walikuwa wameyajaza maji kwa rangi yao ya waridi.

"Shukeni mpige picha, waheshimiwa."

Walishuka mbio. Daktari alimkanyaga mkewe ili awahi.

Msumari akafungua mikoba yao.

Tochi ya daktari ilikuwa imezibwa kioo kwa karatasi nyekundu na mpira. Ya mkewe vilevile. Mwanga mweupe huwapoteza watoto wa kasa, wakaelekea bara badala ya baharini. Hata wapumbavu hawa wawili walilijua hilo.

Tochi ya Mtaalamu ilikuwa wazi. Nyeupe, nzito, ya kuonekana mbali baharini.

Bingwa wa kasa! Mtu amekariri vitabu vyote ili adanganye, halafu kipande cha karatasi kimemshinda.

Msumari alitoa betri, akapachika nyingine zilizokufa kutoka droo ya gari. Akapiga simu.

"Shangazi, mgonjwa ni yule mwenye mdomo. Nimkamate?"

"Bado. Wana darubini. Wasipomwona ufukweni watageuza. Boti zetu ziko njiani. Asiwashe tu."

"Hatawasha."

Jua lilikuwa linazama walipofika. Dada yake alisimama peke yake mchangani, akiwa na fimbo na filimbi. Hizo ndizo silaha alizopewa na wakubwa wanaolala kwenye viyoyozi.

"Mmechelewa, dereva," alisema, kama hamjui.

"Heroe, dada."

Mchanga ukatikisika. Kichwa kidogo kikachomoza, kikafuata kingine, kisha shimo zima likaamka. Mke wa daktari akanyamaza, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mtaalamu akarudi nyuma. Akaielekeza tochi baharini.

Akabonyeza.

Haikuwaka.

Akabonyeza tena, akaipigapiga kiganjani.

"Unatafuta hizi?"

Msumari alisimama nyuma yake, betri mkono wa kushoto. Bastola ya Glock mkono wa kulia.

"Dereva, wewe..."

"Lala kifudifudi. Taratibu, usije ukamlalia mtoto wa mwenzio."

Pingu zikalia. Nyuma ya mwamba injini za boti za Shangazi zikanguruma, kipaza sauti kikaamuru mikono juu. Hakuna risasi iliyolia.

"Mashua tunayo," Shangazi alisema. "Dada yako?"

"Mzima."

Mtoto mmoja wa kasa akapanda shavuni kwa Mtaalamu, akapumzika, akaendelea na safari.

"Mwangalie vizuri," Msumari alimwambia. "Si ulisema umewafuata hawa?"

Dada yake akasogea.

"Ulijua tangu lini?"

"Mchana."

"Na ukaniacha nisimame hapa kama chambo."

Msumari aliona aibu. "Nisamehe, dada."

"Tutaongea nyumbani, mbele ya mama. Sasa sogeza hayo mabuti, unawazibia njia."

Akayasogeza haraka. Amri za Shangazi hakuwahi kuzitii hivyo.

"Dereva!" daktari aliita kwa hasira. "Na sisi nani ataturudisha hotelini?"

Msumari alimrushia funguo.

"Wewe unajua kila kitu, mzee. Endesha."

Akavua viatu, akamwinua Mtaalamu kwa kola, akaondoka naye kuelekea boti za Shangazi, akipita kandokando ya mchanga, ambako hakuna kasa.