Waliokuja Kupima Bondeni

Atuganile alilima mchicha bondeni Kimara, nyuma ya nyumba yake. Aliumwagilia maji ya mto, akauosha humohumo, mwingine akaupeleka sokoni, mwingine wakala nyumbani. Mwanawe Loveness, wa miaka mitatu, alikuwa akiharisha mwezi wa pili sasa. Dawa zikiisha, tumbo linaanza upya.

Asubuhi moja, baada ya mvua, Atuganile akakuta vijana mtoni na madaftari. Akawauliza wanafanya nini.

"Tunapima, mama," akajibu binti mmoja.

Kupima! Bondeni nani asiyelijua neno hilo? Leo wanapima, kesho nyumba inachorwa X nyekundu ya kubomolewa. Atuganile akashika jembe, akawafukuza mpaka barabarani.

Jioni yule binti, Wahiba, alirudi peke yake. Akaamkia shikamoo, akaeleza kuwa wao ni wanafunzi wa chuo kikuu, wanapima maji, si viwanja. Walikuwa wamejaza chupa mbili zenye dawa: moja maji ya upande wa juu wa mto, kabla ya kufika nyumba hii, nyingine ya upande wa chini, baada ya kuipita. Yenye kinyesi ingegeuka nyeusi.

"Wachafu ni hao wa juu," Atuganile alisema. "Wanatuulia watoto."

Siku ya tatu Wahiba akazileta zile chupa. Ya juu ilikuwa imeingia weusi kidogo. Ya chini, nyeusi tii.

"Uchafu mwingi unaingilia hapa kwenu, mama."

Atuganile akamtazama mumewe, Erasmus. Mvua ikinyesha, Erasmus hufungua bomba la choo, akatapishia kinyesi mtoni. Na Atuganile alijua! Tena ndiye aliyekuwa akimkumbusha. Walidhani uchafu unakwenda zake, kumbe unaishia kwenye mchicha.

"Baba Loveness, mie namlisha mwanangu kinyesi chetu," akasema. Hasira zilimpanda, na safari hii hakuwa na wa kumfukuza.

Wahiba akawaelekeza: bomba lizibwe, choo kikijaa liitwe gari la majitaka, mboga zimwagiliwe na kuoshwa kwa maji salama, ya kunywa yachemshwe. Erasmus akaziba bomba siku hiyohiyo. Baada ya mwezi Loveness alikuwa anacheza uani, tumbo limetulia.

Mvua iliporudi, jirani wa juu, Godlisten, akafungua bomba lake. Atuganile akapanda na ile chupa nyeusi aliyoachiwa na Wahiba, akaiweka mezani kwake.

"Hii ni ya kwetu," akamwambia. "Yako tunaipima kesho."

Godlisten akainuka, akaenda kulifunga bomba.