Chai ya Mama Chepkemboi

Gordon alikata kushoto, akazama kwenye michai.

Kipkurui akamfuata. Bastola ya Glock mkononi, kisikizi cha redio sikioni, viatu vya ngozi vya afisa wa serikali miguuni. Viatu hivyo ndivyo vilivyomchelewesha.

"Makao makuu, amebeba mkebe wa maziwa."

"Bomu?"

"Ndiyo."

"Mshike. Usipige risasi."

Genge la magendo ya dizeli lilimtuma Gordon alipue mtambo wa bayogesi wa Mama Chepkemboi mchana kweupe, mbele ya wakulima sitini wa Kimulot. Walikuwa wamekuja kupiga kura. Wakikubali, kila boma lingepikia gesi ya samadi, na mashine yao ya kupoza maziwa ingeachana na jenereta ya dizeli. Mtambo ukilipuka, nani tena angeutaka?

Kipkurui akaruka mtaro, akamwangusha Gordon kifudifudi.

Pingu.

Akafungua mkebe, akakata waya. Zilibaki sekunde kumi na moja.

"Makao makuu, mambo yako sawa."

Akawaachia wenzake mfungwa, akajipangusa matope, akarudi mkutanoni akijifanya tena afisa wa bayogesi, na jina la bandia kifuani. Wiki mbili nzima alikuwa amewahubiria watu hawa kwamba gesi hiyo ni safi. Mdomo alikuwa nao. Hata wazee wa kanisa walikuwa wameanza kulegea.

Mama Chepkemboi akaleta chai aliyoipika kwa gesi ile. Kikombe cha kwanza akampa mgeni. Watu wakashika vyao, wakamngoja.

Kipkurui akakiinua. Kilinukia chai na maziwa, basi. Lakini akili ikamwonyesha kinyesi cha ng'ombe kikikorogwa kwenye tangi. Mtu mzima aliyetoka kukata waya wa bomu akashindwa na kikombe.

Akakiweka chini.

"Niko na vidonda vya tumbo, mama."

"Na jana kwa hoteli yangu ulikunywa tatu," Nyaberi akasema, bila ubaya. "Lakini hiyo ilikuwa ya kuni."

Watu wakacheka. Kisha vikombe vikaanza kuwekwa nyasini, kimoja baada ya kingine, vimejaa.

Kura ilipopigwa, mikono minne tu iliinuka.

Aibu ikampanda Kipkurui hadi masikioni. Alitamani Gordon angemponyoka, angalau apate wa kumlaumu. Sikioni, makao makuu yalikuwa yakimpongeza: hakuna aliyeumia, mtambo uko salama, kazi safi.

Mama Chepkemboi hakumgombeza. Alikiokota kikombe alichokiacha Kipkurui, akakinywa chote akiwa amesimama, akimtazama.

"Ni chai tu, afisa," akasema.

Kipkurui akavaa miwani yake ya jua, akatembea taratibu kuelekea Land Cruiser, mikono mfukoni, kama mtu aliyemaliza kazi yake. Hakugeuka nyuma. Hangeweza.