Ua Lililosahauliwa Kufunikwa

Delphia Tarpley aliikumbuka karatasi ya foili jioni, mikono ikiwa ndani ya sufuria la maharage.

Asubuhi alikuwa amelitoa yungiyungi jeupe chavua yake yote kwa kibano, akalipaka chavua nyingine kwenye ncha ya katikati, akalifungia shinani kibandiko chenye majina ya maua mawili yaliyochanganywa. Kilichobaki ni kulifunika tu, nyuki na vipepeo wasiliguse. Ndipo Corliss, binti yake, alipomwita kutoka chooni, mimba ya miezi minane ikimtapisha, naye akakimbia. Ua likabaki wazi kutwa. Mtu aliyechavusha maua tangu ujanani, kusahau kitu kama hicho! Alijitukana hadi mlangoni.

Na chavua yenyewe alikuwa ameiiba kwa wifi yake, Orabeth.

Alabama nzima wapenda mayungiyungi walikuwa wakitafuta la buluu. Zambarau wanapata, buluu hawapati. Orabeth alilipata, akalificha nyuma ya banda miaka yote ile, na hata Delphia, aliyelima naye bustani hiyohiyo, hakupewa kipande cha mzizi. Halafu alipojua anakufa akayang'oa mashina yote, akayamwagia mafuta ya taa na kuyachoma. Delphia alisimama akitazama moshi, akaona hiyo ni roho mbaya tu, mtu anakufa na bado ana choyo. Lakini kiangazi kilichotangulia alishamwibia chavua kidogo, akaificha kwenye friza nyuma ya bamia. Msibani hakutoa chozi, wala hakujisumbua kusingizia.

Akatoka na foili yake. Jua lilishazama nyuma ya misonobari, joto bado limeng'ang'ania. Yungiyungi la aina hii huchanua alfajiri, na jioni huwa limesinyaa. Bustani nzima maua yalianza kulegea.

Lile jeupe lilikuwa bado limesimama wazi.

Delphia akainama. Pale chini ya petali, kifuko cha mbegu kilikuwa kimeshavimba. Kazi ya siku kadhaa, kwa kutwa moja! Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Buluu itatoka. Safari hii itaandikwa kwa jina lake.

Tak...

Sauti ya ua linalokatwa kikonyo. Ilitoka safu ya mwisho, karibu na uzio.

Tak... tak...

"Corliss?"

Harufu ikamfikia. Kafuri na ugoro. Harufu ile aliijua, aliifunga mwenyewe ndani ya jeneza mwezi wa kwanza.

Mtu alikuwa anakuja safu kwa safu, mgongo umepinda, anavunja maua mojamoja na kuyaangusha. Hakuinua uso. Alipofika penye lile jeupe akanyoosha mkono, na Delphia akasimama mbele yake. Uchungu wa miaka uliushinda woga.

"Hata kaburini, wifi? Hata huko umeshindwa kutulia?"

"Niache nivunje." Sauti ilikuwa ya mnong'ono, kavu.

"Ulichoma lako. Hili langu."

"Delphia... mwanao wa kwanza alizaliwa lini?"

"Usimtaje mwanangu."

"Asubuhi ile la kwangu liliposhika mbegu, mimi nacheka huku bustanini. Wewe uko leba." Mnong'ono ukakatika, ukarudi. "Sikujua. Nilijua baadaye. Likishika mbegu, linachukua mtoto wa tumboni aliye karibu. Nikanyamaza, kwa sababu lilikuwa zuri."

Delphia alimkumbuka mtoto wake. Walimwekea mapajani amefungwa blanketi, hajalia hata mara moja. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

Dirisha la jikoni likafunguka.

"Mama? Mama, njoo. Mtoto ameacha kucheza."

Mkono wa Delphia ukaenda kwenye kifuko. Ukasita. Ndiyo, ulisita, na hilo hakuja kulisema kwa mtu yeyote. Maisha yake yote alikuwa amelisubiri ua lile.

Akavunja.

Maji ya baridi yakamtiririkia kiganjani. Akakanyaga, akasaga kwa kisigino, analia kwa hasira. Dirishani Corliss akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetoka kuogopa.

"Basi, Mama. Amenipiga teke."

Delphia alikaa chini udongoni. Wifi yake alikuwa bado amesimama pale.

"Ulilifunika asubuhi?"

Foili ilikuwa bado mkononi mwa Delphia, haijakunjuliwa. Kutwa nzima vipepeo walikuwa wametua pale, wakabeba chavua, wakaenda kwingine.

Orabeth akageuka, akainamia safu iliyofuata. Delphia naye akainuka, akashika ya pili. Tak... tak... Wanawake wawili walivunja bustani nzima, bila kusemeshana, kama walivyofanya kazi zamani kabla ya kuchukiana. Ua la mwisho lilipodondoka, harufu ya ugoro haikuwepo tena.

Corliss alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kuziba masikio. Delphia akambeba, akaanza tena kupata usingizi usiku.

Jioni moja Wyvonne, jirani wa ng'ambo ya barabara, akamwita kwenye uzio wake.

"Dada Delphia, wewe ndiye mjuzi, njoo unitazamie. Hili sikulichavusha mimi, limeshika lenyewe. Na tazama rangi."

Kifuko kilikuwa kinene, kimepasuka pembeni. Ndani mbegu ziling'aa, na utando wake ulikuwa wa buluu.

"Lilishika lini?" Delphia aliuliza.

"Leo hii. Asubuhi kifuko hakikuwepo."

Delphia akainua macho. Barazani mkwe wa Wyvonne, aliyekuwa anakaribia kujifungua, alikuwa ameketi na glasi ya chai ya barafu asiyoinywa. Mkono mmoja ulikuwa tumboni, na shingo ameiinamisha, kama anayesubiri kusikia kitu.