Supu ya Mwamba Nyundo

Kifufuo, mtambo wa kurudisha nyama za wanyama waliotoweka, kilinyonya unga wa mfupa kutoka ukingo wa bahari, kikausoma chembe kwa chembe, na ndani ya birika lake la kioo nyama nyekundu ikaanza kujiumba. Dakika kumi baadaye ilikuwa imeiva. Watalii kumi na wawili, waliotembea saa mbili juani kuvuka hifadhi ya Mwamba Nyundo, walijipanga na vikombe wakimeza mate.

Injinia Nyambu alikuwa amekuja kukagua mtambo wake. Aliubuni utafute dawa katika damu ya wanyama waliotoweka, lakini wenye hifadhi wakaona supu inavuta watu zaidi. Tangu hapo, kila alipowaona watu wazima wakilamba vidole mbele ya visukuku, aligeuza uso. Hata hivyo kukagua ni pamoja na kuonja, naye akanywa kikombe kizima.

"Injinia, leo ni mnyama gani?" aliuliza bwana mmoja, mafuta yaking'aa kidevuni. "Mtamu huyu!"

Skrini ya mtambo iliandika: *Kiumbe hajatambuliwa. Wa kale sana.* Kifufuo hakikupima umri wa mfupa wenyewe, kilipima ganda lake. Nyambu ndiye aliyekifundisha kwamba mfupa uliozingirwa na matumbawe na chokaa ni wa kale. Alikipa pia orodha ndefu ya wanyama. Binadamu hakumwandika, kwa kuwa haikumpitia akilini.

Mishi, askari wa hifadhi aliyewaongoza, alifika wa mwisho akimshika mkono mtalii wa kumi na tatu, mama aliyeumia kifundo cha mguu njiani. Alisimama ghafla.

"Mbona mtambo hauko pale pake?"

"Umejisogeza wenyewe," Nyambu alisema. "Maji makuu ya bamvua ya juzi yameangusha ukingo, ukafuata mifupa mipya."

Mishi aliinama kwenye trei ya mabaki, akaokota kipande cheupe chenye ua lililochongwa.

"Bi Injinia, hapo juu ni makaburini kwetu. Sisi makaburi twayajenga kwa matumbawe, twayapaka chokaa. Ua hili nimelichonga mimi, kwenye kaburi la bibi yangu."

Nyambu alikimbilia majini akatapika mpaka koo likawaka. Alijichukia, akauchukia na ule utamu uliobaki ulimini. Nyuma yake alimsikia yule bwana, ambaye hakuwa akisikiliza, akigonga kikombe chake kwenye birika.

"Imebaki kidogo?"

Mishi alimsukuma kando, akalichomoa birika lililokuwa moto kwa mikono mitupu, akalikumbatia kifuani. Nyambu alirudi akijifuta mdomo, akataka kumsaidia.

"Usiniguse," Mishi alisema. Aliwatazama mmoja mmoja, watalii kumi na wawili na Nyambu, na vikombe vyao. "Hii iliyobaki nitaizika. Nyinyi mlioshiba je, tuwazike vipi?"