Siku Tatu za Daftari la Madoa

Msichana huyo hakuwa na mama, hakuwa na saa, hakuwa na viatu vya michezo, wala hakuwa na subira. Alikuwa na mdogo wake wa miaka saba, na daftari la jalada gumu.

Kila asubuhi kabla ya shule alimkalisha mdogo wake kwenye kigoda, akahesabu madoa ya zambarau miguuni mwake na kuyaandika.

"Hilo ni tope, dada," mdogo wake alimcheka. "Darasa la sita zima, hujui kuhesabu."

"Nyamaza, nitakuandikia mia."

Daftari lilitoka kwa daktari mtafiti. Aliwaeleza kwamba damu ina chembe sahani, vipande vidogo mno vinavyoziba jeraha. Hutengenezwa kwenye uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Za mtoto huyu zilikuwa chache, ndiyo maana damu ilivujia chini ya ngozi. Mtafiti alikuwa akijaribu, kwa watoto arobaini, huyu akiwa mmoja wao, dawa ya kuusaidia uboho uzitengeneze.

Mwezi wa pili wa majaribio damu ilivujia kichwani. Mtoto akafariki.

Baada ya mazishi, mtafiti aliandika kuliomba daftari. Baba, fundi kufuli, alikuwa akitafuta bahasha msichana alipoanza kulia.

"Baba, lisiende. Siku tatu sikuhesabu. Niliwahi mazoezi ya mpira wa pete. Niliandika tano, nne, tatu."

Baba aliacha kutafuta. "Yaani ulimponya kwa kalamu."

"Ni mimi niliyemuua?"

"Hapana, mama. Hospitali walimpima damu wenyewe kila wiki, hali yake waliijua. Lakini wamebaki watoto thelathini na tisa. Wakisoma namba zako, watadhani dawa ilianza kufanya kazi."

"Wataniona mwongo."

"Watakuona. Hata mimi nimekuona. Namba ya uongo haikai peke yake, mwanangu. Mtu usiyemjua ataitegemea, na wewe hutakuwepo kumwonya. Ukikosea, sema mapema, hata kama inauma. Sasa kaa uandike."

Aliandika barua, akazitaja tarehe zote tatu. Baba aliisoma, hakubadilisha hata neno. Msichana aliitia kwenye bahasha pamoja na daftari, akaifunga kwa gundi na kuikandamiza kwa kiganja. Akaipeleka posta mwenyewe. Karani aliigonga muhuri, akaitumbukiza kwenye gunia la barua.