Mita Isiyolala

Wizi uligunduliwa Jumatatu alfajiri, wakati majogoo wa Mkunya wakiwa bado wanajibizana. Sijaona, ambaye mtaa mzima humwita Mama Zuhra, alibonyeza swichi awashe taa apate kuswali. Taa ikagoma. Akabonyeza tena, kama mtu anayemgongea jirani aliyelala. Kimya.

Alitoka nje na tochi, akaimulika mita mpya iliyopachikwa ukutani karibu na dirisha. Imekauka! Na jana magharibi alikuwa ameingiza tokeni kwa mkono wake mwenyewe, akisoma tarakimu moja moja kwa miwani ya marehemu mumewe. Uniti za wiki nzima zimekwenda usiku mmoja. Kwa kipi? Nyumba ilikuwa na balbu nne, redio, na cherehani ya umeme anayoshonea sare za shule, na jana Jumapili cherehani haikuguswa kabisa.

"Mtume!" alisema kwa sauti. "Hii si mita, hii ni kisima kilichotoboka."

Zamani, mita ya kizamani ilipokuwepo, bili ilikuja mwisho wa mwezi. Mumewe, Salmini, alikuwa anailipa huku akinung'unika kidogo, basi. Salmini alipofariki, Sijaona alilipa yeye. Bili zilikuwa zinapanda, naye akasingizia cherehani. Kisha wakaja kubadilisha, wakaweka mita ya luku, na tangu hapo amekuwa akienda ofisi ya umeme Newala kulalamika hadi mlinzi wa getini anamjua kwa jina la mtoto. Mafundi walikuja, wakaipima mita, wakamwambia kwa adabu, "Mama, mita ni nzima. Inachohesabu kinatumika."

Asubuhi hiyohiyo Silvesta, au Baba Severina, jirani wa upande wa kusini, aliegemea ua wa miti na kutikisa kichwa.

"Pole, Mama Zuhra. Mimi nilishakwambia. Yule binti ana pasi."

"Nilimkatia umeme wa chumba chake tangu wiki iliyopita, Silvesta."

"Ameunga upya. Watoto wa Masasi mjini hao, unawajua? Mimi nashukuru Mungu, nina sola yangu. Balbu mbili, simu inajaa, sigombani na mtu."

Yule binti ni Shamila, mpangaji wa chumba cha uani. Mumewe alikuwa kwenye kazi ya ujenzi Mtwara, naye alibaki na mtoto wa miezi miwili, Abdulatifu. Sijaona mwenyewe ndiye aliyemkanda mzazi huyo maji ya moto siku arobaini zote. Alikuwa akimwita mwanangu. Lakini hasira haina macho. Sijaona alivuka ua, akasimama mlangoni pa Shamila na kusema bila kuingia:

"Jumapili iwe mwisho. Ukatafute kwingine."

Shamila alimtazama mtoto, hakumtazama yeye. "Sawa, mama," alisema. Hakuwa na kwingine, na Sijaona alijua.

*

Jumatano ikaleta baraka, ikazileta zimevaa kofia ya kijani na koti lililopauka. Yoeli, Mmakua wa Lulindi, alikuwa amepanda kuja Mkunya kwa ajili ya kumbukumbu ya mama yake Silvesta iliyopangwa Jumamosi. Kwa miaka mingi alikuwa sajini wa upelelezi Masasi, na sasa amestaafu. Na kwa familia za Mkunya, tangu enzi za babu zao, Yoeli ni mtani.

"Nyinyi Wamakonde!" alipiga kelele kabla hata ya kubisha hodi. "Mlikimbilia huku juu mkasahau maji bondeni. Sasa nasikia hata umeme unawakimbia!"

"Karibu, Mmakua mwenye njaa," alijibu Sijaona, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka. "Ugali wa muhogo upo, ndio uliokupandisha mlima."

Yoeli alipokuwa akila, Sijaona alimsimulia yote. Yoeli alisikiliza huku akitafuna polepole, kisha akanawa mikono.

"Swali moja, mtani. Ulimkatia binti umeme?"

"Nilimkatia."

"Na baada ya kumkatia, uniti zimeendelea kuisha?"

"Zimeendelea. Jana nimenunua nyingine, nazo zinakwenda."

"Na bado unamfukuza, bila kuona popote alipounga upya?"

Sijaona alianza kukusanya vyombo. Ni kweli, hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeipata.

"Haya," alisema Yoeli kwa upole. "Twende tuiangalie hiyo mita yako."

Saa nne kamili asubuhi, Yoeli aliingia ndani akazima swichi kubwa. Nyumba nzima ikafa, redio ikanyamaza. Wakatoka nje, wakasimama mbele ya mita. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inapepesa. Pe. Pe. Pe.

"Inapepesa maana yake nini?" aliuliza Yoeli.

"Walituambia ikipepesa kuna umeme unatumika."

"Na nyumba tumeizima."

"Tumeizima. Lahaula! Inatumika na nani, majini?"

"Majini hawahitaji umeme, mtani. Niletee kigoda."

Alikaa pale na kikombe cha chai, mzee mzima akiikodolea macho taa ndogo kama paka kwenye tundu la panya. Ilipokaribia saa nne na robo taa ikaacha kupepesa. Ikatulia. Sijaona akadhani mambo yamekwisha. Lakini chai haijapoa vizuri, ikaanza tena, yenyewe, bila mtu yeyote kugusa chochote. Ikafanya kazi, ikapumzika, ikaanza tena.

"Si pasi hii," alisema Yoeli. "Pasi ina mtu anayeishika. Na balbu haipumziki. Una friji?"

"Friji nitaitoa wapi?"

"Ehee," alisema Yoeli, akanyamaza. Sijaona alimjua. Akisema "ehee" na kunyamaza, usimsumbue.

Mchana huo Yoeli alimwita Optatus, fundi kijana aliyefunga nyaya za ndani mita ilipobadilishwa. Sijaona alikuwa amekwisha kumshuku naye pia. Fundi gani asiyejiwekea mwanya wake?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Waya wa mita unaingia ndani moja kwa moja?"

Optatus alijikuna. "Sikudanganyi, mzee. Waya wa zamani ulikuwa unapita juu ya dari mpaka kwenye swichi kubwa. Mimi niliunga wa mita mpya na ule wa zamani pale ukutani. Juu ya dari sikupanda. Siku ile bati lilikuwa la moto, na dari yenyewe imejaa nyigu."

"Kwa hiyo kati ya mita na swichi kubwa kuna kipande ambacho hujakiona."

"Kipo, mzee. Nisamehe."

"Kazi ya nusu, kijana. Lakini umesema kweli, na hiyo ni nusu ya pili."

Kisha akaenda uani. Shamila alikuwa amekaa kwenye mkeka, vitu vyake vimefungwa kwenye kanga mbili tayari. Sijaona alisimama nyuma ya Yoeli, hakujua aweke wapi mikono.

"Mama Latifu, mtoto akiamka kunyonya usiku, unasikia nini humu?"

"Panya, babu. Na kitu kama mtu anayekoroma, upande ule." Alionyesha ukuta wa kusini. "Kinakoroma, kinaacha, kinakoroma. Nilimuuliza jirani, Baba Severina. Alicheka, akaniambia mzazi mbichi husikia mengi."

"Ulimuuliza lini?"

"Kabla mama hajaanza kunikasirikia. Kama siku mbili hivi."

Jioni, Yoeli alikaa na Silvesta barazani, wakitaniana. Sijaona alipeleka mihogo ya kuchemsha kwa ajili ya maandalizi, akasikia.

"Baba Severina, kwako umeme hujavuta?"

"Wa nini? Nina jua la Mungu."

"Hata siku ya msiba wa mama?"

"Aa, ile Salmini alinivutia waya wa balbu moja, watu wapate mwanga wa kukesha. Mungu amrehemu. Tulipoondoa tanga, nao ukaondolewa."

Sijaona alikumbuka. Salmini wake alipanda darini mwenyewe, nyigu wakamuuma sikio, akashuka anacheka. Alijisikia kushukuru kuwa aliwahi kuolewa na mtu wa namna ile, na machozi yakamlenga hapohapo mbele ya mihogo. Lakini njiani kurudi alijiuliza. Waya kupanda, alimwona Salmini. Kushuka, alimwona nani?

*

Jumamosi saa sita mchana, ibada ikiwa imekwisha na kaburi limekwisha kusafishwa, watu walijaa kwa Silvesta. Waislamu walipewa chai na mihogo. Wengine walipewa uraka, maji ya mabibo, kwenye vikombe vya plastiki. Yoeli alipiga funda moja, akalizungusha mdomoni, akamnong'oneza Sijaona.

"Mtani, huu ni mwezi gani?"

"Wa tano."

"Mabibo yaliisha lini?"

"Krismasi yalikuwa yanaishilizia. Kwa nini?"

Hakuhitaji kujibiwa. Kila mtu wa uwanda huu anajua uraka hauna subira. Leo mtamu, kesho unakuchoma koo, keshokutwa umwage. Yoeli alimsogezea kikombe. Ndani yake, kwenye uraka mtamu wa mwezi wa tano, kulikuwa na kipande cha barafu.

"Mpeleke Shamila akasimame mbele ya mita yako," alisema Yoeli. "Azime swichi kubwa. Taa ikinyamaza, apige kelele."

Sijaona aliporudi kumtuma, mzee akasimama na kuanza vituko. Siku kama hiyo mtani ana ruhusa. Akishika kitu cha mwenye shughuli, hakiachii mpaka kikombolewe kwa kitu kidogo, watu wakacheka, marehemu akakumbukwa kwa furaha. Yoeli alimvua Silvesta kofia, ikakombolewa kwa kikombe. Akabeba jembe, likakombolewa kwa kuku. Watu walikuwa hoi. Hatimaye akaenda kwenye kistoo kilicho nyuma ya nyumba, ubavuni mwa ua wa Sijaona, akaliegemea kufuli.

"Nimekamata stoo! Fungua, mtani, nichague."

"Hapana," alisema Silvesta.

Kicheko kilikatika. Mtu hamkatalii mtani siku ya kumbukumbu ya mama yake. Angefungua, akatoa dumu la uraka akalifunga tena, pengine yangepita. Lakini alikataa, na akakataa kwa sauti ya mtu anayeogopa.

"Mna dawa za mikorosho humo. Ni sumu."

"Silvesta," aliita mjomba wake kutoka mkekani, "mpe mtani ufunguo. Usituaibishe mbele ya mama yako."

Mlango ulipofunguliwa, wote walikisikia. Kilikuwa kinakoroma. Friza kubwa nyeupe, juu yake yamepangwa magunia, waya wake umeingia ardhini chini ya ua. Yoeli aliinama, akachomoa plagi.

Mkoromo ukakatika. Kisha upande wa pili wa ua ikaja sauti nyembamba ya mwanamke, na ya mtoto aliyeshtuka akalia:

"Imelala! Mama, mita imelala!"

Sijaona aliigeukia sauti. Aliyepiga kelele ile ndiye ambaye yeye alikuwa anamfukuza kesho.

"Sema, Baba Severina," alisema Yoeli.

Silvesta alikaa kwenye gunia. "Waya wa balbu sikuutoa. Nilisema kesho, nikasema kesho. Salmini akafariki, nikaona aibu. Nikanunua friza nikidhani sola itaivuta. Haikuweza, na mtaa mzima nimeshajigamba. Nikaiunga pale. Nagandisha uraka msimu wa mabibo, nauza wakati wengine hawana. Kwenye bili ya zamani haikuonekana sana. Ilipokuja luku, ndipo Mama Zuhra akaanza kuona kwa macho yake."

"Na Shamila?" Sijaona aliuliza. "Shamila alikukosea nini?"

"Aliuliza habari ya mkoromo. Nikajua akikaa, iko siku atauliza mbele za watu."

"Salmini aliumwa na nyigu ili wewe umlilie mama yako kwenye mwanga! Ungeniomba, Silvesta. Wallahi ungeniomba, tungechangia!"

Silvesta aliinamisha kichwa, akalia.

"Mimi si askari tena," alisema Yoeli. "Jumatatu utakwenda mwenyewe ofisi ya umeme, na utamlipa mjane. Lakini leo, kabla watu hawajatawanyika, utamwomba radhi yule binti uliyempaka matope."

Aliomba, mbele ya wote, mikono kifuani. Shamila alisikiliza, akasema, "Nimekusikia, baba," akarudi chumbani kwake.

Optatus alipanda darini mchana uleule, nyigu au si nyigu, akaukata waya wa Salmini. Kisha, bila kuambiwa mara mbili, akaunga ule wa chumba cha uani. Sijaona alimshika Yoeli mikono yote miwili.

"Nikushukuru kwa kitu gani, mtani? Sina hata jogoo."

"Kesho nipikie ugali tena. Na ushukuru hiyo mita uliyokuwa unailaani. Bila yenyewe ungemlisha jirani yako mpaka kufa. Sasa nenda. Si mimi unayepaswa kusema naye."

Jua lilikuwa linazama alipobisha hodi uani. Zile kanga mbili bado zilikuwa zimefungwa. Sijaona aliketi chini, akaanza kufungua fundo la kwanza kwa vidole vyake vya ushonaji, likafunguka.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa naiona taa inapepesa, wewe nisikuone."

"Mama," alisema Shamila, akimpakata mtoto, "maji ya moto siku arobaini nani alinikanda? Hata ningeondoka kesho, ningeondoka nakushukuru."

Sijaona alilia kweli, bila kujificha. Kisha akafuta uso kwa upindo wa kanga.

"Washa taa."

Shamila alibonyeza. Mtoto Latifu akageuza macho kuitazama balbu, kinywa wazi.

"Nizime akilala?"

"Iache iwake."

"Na uniti, mama?"

"Zikiisha," alisema Sijaona, akianza fundo la pili, "tutakuwa tumezimaliza sisi."