Alama za Upande Mmoja

Daraja la magogo lilikatika magurudumu ya mbele yalipokuwa yameshafika ng'ambo. Pikapu ikarudi nyuma, ikabingirika korongoni, ikasimamishwa na jiwe, tairi juu. Binti alitoka dirishani na mchubuko wa kiwiko tu. Baba yake, aliyekuwa akiendesha, alibanwa na usukani, na binti alipomvuta nje mzee alipiga yowe ambalo binti hakuwahi kulisikia kwake. Paja la kushoto lilikuwa limepinda mahali pasipo na goti.

Mzee alikuwa bwana misitu kwa miaka thelathini na sita, na alikuwa amestaafu Ijumaa iliyopita. Mama alizoea kusema kwamba ana mke mwenza, tena mwenye majani, na wageni walicheka. Binti hakucheka hata siku moja. Baba aliyejua umri wa kila mti hakujua mwanawe yuko darasa la ngapi. Siku ya arusi ya binti alikuja na matope viatuni, akaondoka mapema kwa sababu msitu umeshika moto. Kila alipomwalika huko porini, binti alikataa. Safari hii mzee aliomba kama mtu anayeomba msamaha. "Siku moja tu, mama. Nikuonyeshe nilikuwa wapi."

Sasa alilala juu ya majani mabichi, kijasho chembamba kikimtoka, na bado anaamrisha kama yuko kazini.

"Usikate mti huo, utomvu wake unawasha. Kata ule ulionyooka."

Binti akakata. Akachana mtandio wake, akafunga vijiti pande zote za paja. Alikuwa fundi cherehani, vitambaa havikumshinda, ila damu iliendelea kupenya.

"Kaza."

"Nitakuumiza, baba."

"Nimeshaumia. Kaza."

Simu hazikushika mtandao. Barabara ile kuukuu ilikuwa imemezwa na pori, hakuna aliyeipita tena ila mzee, kwa mapenzi yake tu. Msaada wa karibu ulikuwa kituo cha misitu, nyuma ya mlima.

"Usifuate mto, utakupeleka kwenye maporomoko. Panda, jua likupige shavu la kulia, mpaka njia ya kukingia moto. Hapo kata kushoto. Chukua panga, uchanje miti unayopita, mpate kunirudia."

Walikuwa na chupa mbili za maji, moja imejaa, nyingine ina mafunda machache. Iliyojaa aliiweka mkononi mwa baba yake, akainama kufunga viatu, akaondoka.

Alipanda kwa kufa na kupona. Miiba ilimrarua mikono, udongo ukamponyoka chini ya nyayo, naye kila baada ya hatua chache akashusha panga hadi gome likaanguka na weupe wa mti ukaonekana. Malengelenge yakaota viganjani, yakapasuka. Alipofungua chupa ili anywe, aliikuta imejaa. Mzee alikuwa amezibadilisha. Alimtukana kwa sauti, huku analia, kisha akanywa.

Kwenye njia ya moto alitundika kitambaa chake cha kichwa, akakimbia. Adhuhuri ilikuwa imepita alipofika kituoni. Askari watatu wa misitu walibeba machela bila kuuliza maswali mengi. Walipofika penye kitambaa, ukungu ulikuwa umeshuka, na huko chini miti yote ilisimama na magome yake mazima.

"Alama ziko wapi, dada?" aliuliza mkubwa wao.

"Nilichanja! Tazama mikono yangu."

Yule askari aliteremka hatua chache, akageuka nyuma. Kidonda cheupe kilikuwa hapo, kimetazama bondeni.

"Umechanja upande mmoja."

"Kwani kuna upande gani mwingine?"

"Wa kurudia. Ukichanja huku tu, anayerudi haoni kitu. Mzee hakukwambia? Sisi alitufundisha siku ya kwanza, hata majina hajatuuliza."

Kwa miaka thelathini na sita mzee alimwambia neno hilo kila kibarua aliyeshika panga. Kwenye maumivu yale alisahau kwamba huyu mmoja hakuwahi kumfundisha.

Wakalazimika kuzunguka nyuma ya kila mti, mmoja mmoja. Mara mbili waliteremkia korongo lisilo lenyewe, wakapanda tena. Waliita, sauti zikamezwa na mto. Mwendo wa saa moja uliwachukua saa tatu.

Walimkuta ameegemea jiwe, chupa tupu mapajani, macho ameyafumba. Binti alipenyeza mkono chini ya ukosi wa shati.

"Ana joto! Bado ana joto!"

Askari alisikiliza kifuani, akasikiliza tena, akavua kofia.

"Ametutoka lini?" binti aliuliza.

"Usiulize hilo, dada."

"Niambie."

"Si muda mrefu."

Walimbeba wanne. Askari walimsihi apumzike, akakataa, akashika pembe yake ya machela kwa viganja vilivyochubuka. Ndiyo siku pekee maishani mwake aliyotembea msituni na baba yake.

Mbele kwenye njia ya moto, walipokaribia kituo, mtandao ulirudi na simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa mama.

"Mbona hampatikani? Hebu mpe baba yako niongee naye, ameacha dawa zake za presha mezani."

Binti aliketi chini, palepale kwenye vumbi.

"Mama, uko na nani hapo nyumbani?"

Sauti ya mama ikawa ndogo.

"Ulikuwa naye mwishoni?"

"Hapana, mama," alisema. "Alikuwa peke yake."